Siku Niliyoijua D Yangu

Kwa miaka 11 nilipiga noti ya D kwenye tromboni nikiwa nimeifunga slaidi, lile bomba la kusukuma nje na ndani, mpaka mwisho. Mchoro uliobandikwa ndani ya sanduku la tromboni yangu ulisema hivyo: D ile iliyo juu kidogo ya C ya katikati, nafasi ya kwanza, yaani slaidi ikiwa imefungwa. Sikuwahi kuutilia shaka. Nilijiunga na bendi ya kanisa nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikapewa tromboni iliyokuwa imekaa bila mpigaji, na aliyenifundisha alikuwa mpiga tarumbeta. Mtu mwema, mvumilivu, na hakunificha alichokijua. Lakini tarumbeta ina vali tatu za kubonyeza kwa vidole, na tromboni yangu haina hata moja. Yaliyobaki niliyaokota mwenyewe, mengine sawasawa, mengine kombo.

Siku ya tromboni ya kanda nilikaribia kuikosa. Tangazo lilisema warsha kuanzia asubuhi, onyesho la walimu mchana, na jioni onyesho la washiriki wote pamoja. Nikaona hayo ni mambo ya wanafunzi wa vyuo vya muziki na watu wa okestra. Kilichonivuta ni swali moja kwenye fomu ya kujiandikisha: unapenda kupiga sauti ya ngapi? Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kwenye bendi yetu tromboni ni mbili, na mimi hupiga iliyobaki. Nikaandika: ya tatu.

Tulikuwa zaidi ya 60. Kabla sijafika mlangoni nilishasikia mngurumo, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni ala yangu ninayoisikia. Anayepiga tromboni amezoea kuketi nyuma ya matarumbeta, sauti yake ikiwa imemezwa na za wengine. Nilikuwa sijawahi kuisikia peke yake, bila tarumbeta juu na bila ngoma chini. Nilisimama pale na sanduku mkononi nikasikiliza tu.

Binti mmoja wa miaka kama 14 akanisogelea. "Shikamoo mama. Na wewe ni sauti ya tatu?"

"Marahaba mwanangu. Ya tatu."

"Mimi ya pili. Njoo tukae huku."

Tulianza kwa zoezi ambalo wapiga tromboni wengi duniani hulifanya kila asubuhi, hata wale wasiojua lilikotoka. Unashika B-flati nafasi ya kwanza, unashuka nusu toni hadi A nafasi ya pili, unarudi. Kisha B-flati hadi A-flati nafasi ya tatu, unarudi. Unaendelea hivyo mpaka nafasi ya saba, mkono ukiwa umenyooka wote. Linahusishwa na Emory Remington, aliyefundisha Eastman School of Music huko Rochester, Marekani, tangu mwaka 1922 hadi alipofariki mwaka 1971, na anayekumbukwa kwa kuimba pamoja na wanafunzi wake darasani. Mwalimu wetu naye aliimba. Kila tulipoteremka aliimba ile noti ya chini kabla hatujaifikia, nasi tukaifuata.

Nafasi ya saba hunitesa, maana mkono wangu ni mfupi. Huwa naisukuma slaidi kwa ncha za vidole na kugeuza bega. Binti yule alikuwa na mkono mfupi kuliko wangu lakini hakuhangaika, kwa sababu tromboni yake ina vali ya kidole gumba inayoongeza bomba la ziada na kuishusha ala nzima hadi F. Noti ambazo mimi nazifuata mwisho wa slaidi, yeye anazipata karibu na mdomo. Nilimwonea wivu mwema.

Warsha ya kwanza ilihusu pumzi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunigusa. Mwalimu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alitutaka tuimbe wimbo usio na maneno kabla ya kuupiga. Ulikuwa mmoja wa mazoezi ya Marco Bordogni, Mwitalia aliyefundisha uimbaji Paris katika karne ya 19. Joannes Rochut, mpiga tromboni wa okestra ya Boston Symphony, aliyapanga mazoezi hayo kwa ajili ya tromboni mwaka 1928, na tangu hapo wengi wetu tumejifunzia humo kuunganisha noti. Kuunganisha noti kwenye tromboni ni kazi kubwa kuliko kwenye ala nyingine za shaba. Ukisogeza slaidi huku pumzi inaendelea, unasikika ukiteleza kutoka noti hadi noti kama king'ora. Kwa hiyo ulimi unagusa kidogo sana, kama unasema "da" na si "ta", na mkono unasubiri hadi mwisho kabisa wa noti ndipo uende, na uende upesi. Mimi nilikuwa nafanya kinyume. Kwa kuogopa kuchelewa, nilikuwa naanza safari mapema na kwenda polepole, na kila noti yangu ilikuwa na mkia.

Ilipofika zamu yangu nikaimba, kisha nikapiga. Mwalimu akaja karibu, akaniangalia usoni.

"Mama, hiyo alama kwenye midomo huwa inakaa muda gani?"

Nilijua anasema alama gani. Ni duara jekundu la ule mdomo wa chuma wa kupulizia. Nikamwambia hukaa mpaka usiku siku za mazoezi.

"Noti gani inakuchosha zaidi?"

Sikufikiri hata kidogo. "D."

Alishangaa kidogo, kwa kuwa D ile si ya juu. Wapiga tromboni huchoshwa na noti za juu. Akaniambia nikifika kwenye kikundi cha mchana nimwambie mwalimu wa huko hivyo hivyo nilivyomwambia yeye.

Hapa lazima nieleze jambo moja la huko nyumbani. Kwenye bendi yetu kila baada ya wiki chache kiongozi husimamisha wimbo na kusema, "Tromboni, mko chini." Wakati mwingi alikuwa ananitazama mimi. Na wakati mwingi ilikuwa ni ile D. Slaidi yangu ilikuwa imeshafungwa yote, hakuna pa kurudi tena, kwa hiyo njia pekee niliyoiona ya kuipandisha noti ilikuwa kubana midomo na kukandamiza chuma usoni. Inapanda kweli, ila inakuwa nyembamba, na baada ya nyimbo tatu midomo imekufa. Miaka yote hiyo niliamini kasoro ni midomo yangu. Niliamini Mungu hakunipa midomo ya shaba.

Kikundi cha mchana kilikuwa cha watu wanne: kijana mmoja sauti ya kwanza, binti yule ya pili, mimi ya tatu, na mzee mmoja mwenye tromboni besi ya vali mbili. Mwalimu wetu naye alikuwa mpiga besi. Nilimwambia habari ya D. Hakujibu kitu. Alitutaka tupige la-do-mi ya D minor na kuishika: mzee A ya chini, mimi D, binti F, kijana A.

Tukaishika. Ilikuwa na mtetemo mbaya, wa-wa-wa-wa, kama feni iliyolegea.

"Mama, hiyo D umeitoa nafasi ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ipeleke ya nne."

Nilikuwa najua kwamba D inapatikana pia nafasi ya nne. Mchoro wangu uliiandika kwenye mabano, na mimi niliisoma kama njia ya mkato, ya kutumia ukiwa na haraka tu. Nikapeleka slaidi nje, nikapuliza bila kubana. Mtetemo ukatulia. Kijana wa sauti ya kwanza akageuka kunitazama akiwa bado anapuliza.

"Sasa do-mi-so ya B-flati," mwalimu akasema. "Mama, baki na D hiyo hiyo, nafasi hiyo hiyo ya nne."

Tukapiga. Ule mtetemo ukarudi, safari hii D yangu ikichoma juu kama mwiba.

"Rudi ya kwanza."

Nikafunga slaidi. Na hapo nikasikia kitu ambacho sijui kama nitaweza kukieleza vizuri. Sauti nne zikawa moja, na chini yake, mbali sana, ikasikika noti ya tano ambayo hakuna aliyekuwa anaipiga. Mzee aliondoa tromboni mdomoni kuhakikisha si yeye. Ilikuwepo. Sauti mbili zinapokubaliana kikamilifu, sikio hupokea ya tatu, nzito, inayotokana na tofauti ya mitetemo yao. Nilikuwa nimepiga muziki miaka 11 bila kuisikia.

Mwalimu akatueleza huku akichora hewani kwa kidole. Bomba la tromboni likiwa limefungwa linatoa B-flati, na juu yake ngazi ya noti ambazo bomba lenyewe linazitoa kwa maumbile: B-flati, F, B-flati, D, F, na kuendelea. Hiyo D ni ya tano kwenye ngazi, na kwa maumbile iko chini ya D ya piano kwa senti 14, ukigawanya nusu toni moja kwa senti 100. Ikiwa D ni "mi" ya B-flati, huko chini ndiko inakotakiwa. Waimbaji wazuri wa kwaya huishusha "mi" yao bila kuambiwa. Lakini D ikiwa ndiyo msingi, ndiyo noti ambayo wengine wanaijengea, senti 14 ni nyingi, na hapo nafasi ya nne ndiyo nyumba yake, kwa kuwa kule D ni ya sita kwenye ngazi ya bomba refu zaidi na inalingana na piano kwa senti 2 tu.

"Kwa hiyo mchoro wangu ulinidanganya?" niliuliza.

"Haukukudanganya mama. Ulikupa D moja. Zipo mbili."

Baadaye nimefikiri sana juu ya jibu lile. Tatizo la kujifunza peke yako si kwamba unajifunza vibaya. Nilikuwa najua nafasi saba, najua slaidi nzima ina urefu wa sentimita 60 na zaidi, najua kwamba mapengo huongezeka kadiri unavyokwenda nje kwa sababu bomba limesharefuka. Nilichokosa ni mtu wa kukaa kando yangu na kupiga F na A wakati mimi napiga D. Nafasi hizo hazina alama yoyote kwenye chuma. Mkono unaambiwa na sikio, na sikio linahitaji noti nyingine ya kushikamana nayo. Bendi yetu ina noti nyingi, lakini zinapigwa kwa ala za kila aina, kwa sauti kubwa, na mtetemo ule mbaya hufichwa na ngoma. Kwenye tromboni nne tupu hauna pa kujificha.

Kisha akanipa dawa ya pili, na hii nataka kila mpiga tromboni aliyejifunza kama mimi aisikie. Alichukua tromboni yangu, akalisukuma ndani kidogo lile bomba la nyuma la kupangia sauti, ala yote ikapanda. "Sasa B-flati yako ya nafasi ya kwanza haitakuwa mwisho kabisa. Itakuwa kama sentimita moja nje. Hiyo sentimita ni yako. Ukitaka kupanda, unayo." Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimesimama na mgongo ukutani. Sentimita moja ya nafasi, na midomo yangu ikalegea siku ile ile.

Kati ya warsha na onyesho nilipita kwa fundi wa ala. Nitasema kwa ufupi: nilikuwa natumia mafuta ya cherehani kwenye slaidi, na fundi aliponusa tu alijua. Ni mazito mno na hushika vumbi. Alisafisha mabomba ya ndani kwa kitambaa kirefu, akapaka krimu kidogo sana kwenye ncha za chini zilizonenepeshwa, akanyunyiza maji. Slaidi ikawa inakwenda kwa pumzi. Akaniasa pia niifunge kwa kitasa chake kila ninapoinua tromboni, kwa sababu bomba la nje likidondoka sakafuni mara moja tu, linapinda na halirudi lilivyokuwa.

Kulikuwa na warsha ya jazi pia. Niliingia nimechoka na nikatoka nimeamka. Mwalimu alishika mpira wa kuzibulia sinki, bila mpini, akawa anaufunika na kuufunua mdomo mpana wa tromboni, na ala ikaanza kusema maneno. Alituambia habari za Joe Nanton, aliyeitwa Tricky Sam, aliyejiunga na bendi ya Duke Ellington mwaka 1926 na kuifanya tromboni ilie na kunong'ona kama mtu. Kisha akatupigia mtindo wa J. J. Johnson, mwepesi, kila noti imekatwa safi. Hapo nilikumbuka mikia ya noti zangu. Kama slaidi inaweza kwenda vile, visingizio vyangu vimekwisha.

Onyesho la walimu lilianza saa tisa. Mwalimu wa pumzi alipiga Cavatine ya Saint-Saëns ya mwaka 1915 akiwa na piano, na niliona kitu ambacho zamani nisingekiona: kabla hajaanza alivuta bomba la kupangia sauti nje kidogo. Ukumbi ulikuwa umepata joto la watu wengi. Hewa ikipata joto, sauti husafiri haraka zaidi ndani ya bomba na ala hupanda, takriban senti 3 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Piano haipandi hivyo. Jambo dogo, amelifanya huku anatabasamu kwa watu.

Baada ya hapo mzee mmoja aliyestaafu okestra alizungumza nasi juu ya kungoja. Sikutegemea kama lingenigusa. Alisema katika Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, tromboni zinakaa kimya sehemu tatu nzima na kuingia kwenye ya nne. Katika Simfoni ya Kwanza ya Brahms, ya mwaka 1876, ni vivyo hivyo, na zinapoingia hatimaye zinaingia kwa upole, sauti ya kwanza ikianzia A ya juu. Ala imepoa, midomo imepoa, na ukumbi mzima unakusikia. Alituonyesha anavyopitisha pumzi ya joto ndani ya bomba bila kutoa sauti, anavyohesabu mapigo kwa vidole gotini, na anavyoimba moyoni noti yake ya kwanza muda mrefu kabla. Niliwafikiria wale wawili wetu kule kwenye bendi tunavyopiga soga nyimbo zisizo na tromboni. Sijisikii vizuri kuliandika hili, lakini ndivyo tulivyo.

Jioni vikundi vilipiga kimoja kimoja kabla ya wote. Sisi wanne tulikuwa na Equale mbili za Beethoven. Aliziandika tatu, kwa tromboni nne, mjini Linz mwaka 1812, kwa ajili ya siku ya kuwakumbuka marehemu. Mbili kati yake, ya kwanza na ya tatu, zilisikika kwenye mazishi yake mwenyewe mwaka 1827, na ndizo tulizopewa. Ya kwanza iko D minor. Ya tatu iko B-flati. Nilipoziangalia nilielewa kwa nini mwalimu alituanzisha na zile sauti mbili mchana.

Sikupiga vizuri kote. Mahali pamoja nilikwenda nafasi ya nne palipotaka ya kwanza, nikasikia kosa kabla hata halijamaliza kutoka, nikavuta mkono, na katika kuvuta nikatoa ule mkia wa king'ora mbele ya watu wote. Binti hakutikisika, aliendelea. Lakini tulipofika mwisho wa ile ya tatu tukaishika sauti ya mwisho, na mzee wa besi akakodoa macho kutuambia tusiiache bado, na ile noti ya chini isiyo na mpigaji ikaja. Ilikaa pale ukumbini labda sekunde tatu.

Kisha tromboni zote 60 na zaidi zikapiga pamoja. Nilikuwa katikati ya safu, na sikuweza kuitofautisha sauti yangu na ya jirani. Nilihisi kwenye sakafu.

Nje, watu wakifunga masanduku, binti akanijia na tromboni bado mkononi.

"Mama, kabla hujaondoka. Nishikie B-flati niitafute D."

Nikafungua tena sanduku. Nikashika B-flati, kwa sauti ndogo. Alianza juu kidogo, akateremka, akapita, akarudi. Gari la kwao lilikuwa limeshawashwa taa. Akaipata, akaishika mpaka pumzi ikaisha, akavuta nyingine.

"Sasa nishikie D," akasema, "niitafute ile nyingine."